Mjomba Alikuwa Analima Chai

Nilipokuwa mdogo kule Ngamiani, Tanga, nikiuliza mjomba wangu mkubwa yuko wapi, jibu lilikuwa moja tu: yuko mlimani, analima chai. Lilitolewa upesi, kama mtu anayevuta dirisha mvua isipige ndani. Picha yake ilitundikwa sebuleni, kijana mwembamba kavaa bugaluu, mkono mmoja kiunoni. Idi zikaja zikapita, mjomba hakushuka. Sikudadisi. Chai iko Usambara, mjomba yuko huko, basi.

Ninamtanguliza mjomba kwa sababu mwezi wa kumi na moja mwaka 2018 nilikula uyoga wa njozi peke yangu chumbani, huku Uholanzi, na kama ningejua habari zake kamili nisingeugusa. Au pengine ningeugusa tu, kwa hali niliyokuwa nayo, lakini ningetafuta mtu wa kukaa nami.

Hali yenyewe ni hii. Mama alifariki mwezi wa sita mwaka huohuo. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kinahuishwa, nikitoka nisingeruhusiwa kurudi, kwa hiyo nilimzika mama kwa simu. Binamu yangu aliinyanyua simu yake juu ya vichwa vya watu makaburini, ila jua lilikuwa kali na mkono ulimtetemeka, nikaona mbingu zaidi kuliko kaburi. Majembe niliyasikia vizuri. Usiku wa kuamkia kesho yake, saa tisa, niliingia kazini kama kawaida.

Kazi yangu ilikuwa Aalsmeer, kwenye mnada wa maua. Unaendesha kigari cha umeme, unavuta msafara wa matoroli yenye ndoo za maua kutoka chumba cha baridi mpaka upande wa wanunuzi, unarudi, unavuta mengine. Waridi nyingi pale zinatoka Naivasha. Kwenye maboksi wafungaji wa kule huandika vitu kwa kalamu nene, namba, mishale, mara chache neno la Kiswahili. Siku moja nilikuta boksi limeandikwa "Nimechoka". Nililikata lile pande la karatasi nikaliweka mfukoni. Lilinifariji wiki nzima, kwamba kuna mtu Naivasha naye kachoka.

Sikulia hata siku moja. Nilichokifanya ni kusahau kula, na kukaa kitandani na viatu mguuni mpaka muda wa kazi ufike tena. Leo najua ile ni sonona. Wakati ule niliita uchovu. Kwetu mwanamume haendi kwa daktari kusema ana huzuni. Akienda anasema mgongo unamuuma, na mimi hata mgongo sikuusema. Nikawa naangalia video usiku.

Video zile hazikuwa za uongo, na hapo ndipo palipo na mtego. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani kilikuwa kimetoa utafiti wake tangu 2006 kuhusu psilosibini, kemikali iliyomo kwenye uyoga wa njozi, na mwezi mmoja tu kabla ya usiku wangu mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imekubali kuharakisha utafiti wake kwa wagonjwa wa sonona sugu. Watu walikuwa wakilia mbele ya kamera wakisema wamerudishiwa maisha. Mimi nikaona: kumbe dawa ipo, tena inauzwa dukani.

Inauzwa kweli, na hadithi yake ni ya Kiholanzi hasa. Mwaka 2007 binti wa Kifaransa wa miaka 17, mtalii, alijirusha kutoka juu ya jengo Amsterdam baada ya kula uyoga. Kukawa na kelele bungeni, na tarehe 1 Desemba 2008 uyoga ukapigwa marufuku. Lakini sheria iliutaja uyoga ule wenye mwavuli. Vinundu ambavyo baadhi ya aina za uyoga huo hutengeneza chini ya udongo havikutajwa, na vina kemikali ileile. Maduka yakahamia kwenye vinundu, na yanaviuza mpaka leo kwenye friji, ndani ya mifuko ya plastiki iliyonyonywa hewa. Sheria ilikata shina ikaacha kiazi.

Nilinunua gramu 15. Muuzaji alinipa karatasi ya maelekezo, nikaikunja nikaitia mfukoni pamoja na risiti. Baada ya yote kuisha niliisoma. Ilisema usile kama una historia ya maradhi ya akili, usile peke yako, usile ukiwa na msongo. Siwezi kumlaumu muuzaji. Ila najiuliza, kama angeniangalia usoni akaniuliza kwa mdomo, "Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua akili?", ningejibu nini? Ningejibu hakuna. Na ningekuwa nasema kweli kadiri nilivyojua.

Nilikula Ijumaa saa tatu usiku. Sikuwa nimelala tangu usiku wa jana yake, tumboni hamna kitu. Vinundu vina uchachu kidogo, kama karanga mbichi zilizolowa siku mbili. Nikazima simu ili nisisumbuliwe. Fikiria upumbavu huo: uzi pekee ulioniunganisha na watu, nikaukata kwa mkono wangu.

Ukutani nilikuwa nimetundika kanga ya mama, ile iliyokuja na mzigo baada ya arobaini yake. Imeandikwa NANI KAMA MAMA. Nadhani kila nyumba ya pwani inayo. Kwa nusu saa ya kwanza ilikuwa kanga. Halafu pindo likaanza kupumua, kwa upole, kama tumbo la mtoto aliyelala, na nilifurahi, nilisema eeh, hii ndiyo ile. Kisha maneno yakaachana. KAMA likafifia, MAMA likafifia, likabaki NANI peke yake, jeusi, na halikuwa tena neno la kanga. Lilikuwa swali na lilikuwa linaniuliza mimi. Nani? Nikajibu kwa sauti jina langu. Nani? Nikataja jina la baba. Nani? Friji ilikuwa inanguruma, na kila ikinguruma nilikuwa nikirudi mwanzo, napandisha pumzi, naulizwa, najibu, inanguruma. Nikaamini nimekufa. Sikuwaza tu, niliamini kama ninavyoamini sasa hivi kwamba nimekaa kwenye kiti. Nilihisi maji yanapita mgongoni, nikajua naoshwa.

Niko ghorofa ya tatu. Nilifungua dirisha. Sitaki kuongeza chumvi hapa; sijui nilikusudia nini. Baridi ya mwezi wa kumi na moja ilinipiga kifuani na kwa kitambo kifupi nilijua mambo mawili: kwamba huyu ni mimi, na kwamba nyumba ina mlango. Nikatoka kwa mlango. Nilishuka ngazi bila viatu, nikagonga kwa jirani wa ghorofa ya chini.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Bukavu. Tulikuwa tunasalimiana kwenye mapipa ya taka, tunachekana Kiswahili, yeye na chake cha Kongo, mimi na changu cha Tanga. Si zaidi ya hapo. Alifungua kajifunga kitambaa kichwani, kashika ungo wa maharage.

Nikamwambia, "Mama, nimekufa."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Bon. Kama umekufa, ikala. Mufu hasimamake mu mulango."

Nikakaa. Aliniuliza maswali matatu tu: umekula nini, ulikula saa ngapi, na umekunywa pombe ama dawa ingine? Nilipojibu akaangalia saa ya ukutani, akahesabu kwa vidole, akasema itaisha. Akazima taa kubwa akaacha ya jikoni. Akazima televisheni. Akaniwekea kikombe cha maji mkononi, si mezani. Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Hicho ndicho nitakachokumbuka hadi nizikwe, ule mlio. Anachota kiganja, anatoa mawe na yaliyooza, anamwaga mazima kwenye sufuria. Ta, ta-ta, ta. Nikipotea, mlio ule unanikuta. Nikisema naoshwa, habishi. Hakusema hata mara moja "acha mawazo hayo" au "si kweli." Anasema, "Maji iko baridi ama moto?" Nikafikiri. Nikasema baridi. Akaenda kuleta blanketi. Mara moja nilisimama kuelekea dirishani. Naye akasimama, akaja akasimama kati yangu na dirisha bila kunigusa, kama mtu aliyekuja kutazama mvua, akakaa pale hadi nikarudi kwenye kiti. Nilipolia, saa saba usiku hivi, nilimlilia mama yangu kwa mara ya kwanza tangu afariki, na yule mama wa Bukavu akaacha maharage, akaweka mikono mapajani, akangoja. "Njo vile," alisema. "Lia tu. Niko hapa, siendi fasi."

Nimekaa na watu wengi tangu wakati ule, na nimepewa mafunzo na wataalamu, na bado sijaona aliyefanya vizuri kuliko yeye. Nilimuuliza baadaye alijifunzia wapi. Alisema kambini, na akabadilisha mazungumzo.

Ila nilipotulia nikagundua niliwahi kuliona jambo hili zamani. Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa ngoma za pepo. Baba hakupenda tuende, tulichungulia. Kwenye kilinge, pepo akimpanda mtu, haachwi peke yake hata kidogo. Yuko mwanamke kazi yake ni kushika mtandio uliofungwa kiunoni mwa mwenye pepo asije akaanguka kwenye chetezo cha uvumba. Visu na chupa vimeondolewa mapema. Na pepo habishiwi. Haambiwi "wewe si Mwarabu, wewe ni fulani wa barabara ya kumi na mbili." Anaulizwa jina, anaulizwa anataka nini, analetewa halua yake, na usiku una mpangilio wa kuingia na kutoka. Sizungumzii kama pepo wapo au hawapo, kila mtu na imani yake. Nasema tu kwamba bibi yangu, ambaye tulimwona mshamba, alijua namna ya kumsubiri binadamu ambaye akili yake imetoka kidogo, mpaka irudi. Mimi mwenye intaneti nilijifungia chumbani na friji.

Laiti ingeishia hapo ningekuwa na hadithi nzuri ya kusimulia. Psilosibini hukaa mwilini kwa muda wa saa 4 hadi 6 hivi, na kweli alfajiri kanga ilikuwa kanga tena. Lakini usingizi haukuja. Jumamosi sikulala, Jumapili nililala kwa muda wa labda saa moja tu, na Jumatatu nikaenda kazini nikiwa mchangamfu kupita kiasi. Pale nikaanza kuona kwamba vibandiko vya namba kwenye matoroli vina tarehe ya kuzaliwa ya mama. Toroli la kwanza, la pili, la saba. Yale maandishi ya Naivasha yote yalikuwa yameandikiwa mimi. Nikatoa "Nimechoka" mfukoni nikamwonyesha msimamizi kama ushahidi. Alikuwa mtu mwema, akaniambia niende nyumbani, na akampigia mtu wa dharura niliyekuwa nimemwandika kwenye fomu, ambaye hakuwepo nchini. Nilijifikisha mwenyewe. Mama wa Bukavu aliniona nikipanda ngazi nikiongea, akavaa koti.

Daktari wa mtaa alituchukua siku ileile. Akauliza mambo mengi, na katikati yao lile swali: katika familia yenu kuna aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili, skizofrenia, baipola, kulazwa?

"Hakuna," nilisema. "Sisi kwetu ni wazima."

Nilisema haraka. Na nikaisikia haraka ile. Ilikuwa sauti ya nyumbani kwetu, ya mtu anayevuta dirisha.

Jioni ilikuja timu ya dharura ya afya ya akili. Hawakunifunga, hawakunichukua. Nilipewa lorazepamu ya usingizi na kipimo kidogo cha olanzapini, dawa ya kutuliza akili, mama wa Bukavu akakubali nilale kwenye kochi lake, nami nililala saa 14. Nilipoamka nilimpigia mama mdogo, Tanga. Kule ilikuwa mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mjomba mkubwa yuko wapi?"

Kimya. Nikasikia anafunga mlango wa chumba. "Kwa nini unauliza saa hizi?"

"Kwa sababu nadhani na mimi naenda huko aliko."

Ndipo aliponieleza. Mjomba alianza kuugua akiwa na miaka 24, baada ya kuacha chuo. Alisikia watu redioni wakimtaja. Akaletewa waganga, akapelekwa mara mbili kupungwa, akafungwa kamba mara moja, jambo ambalo mama yangu hakulisamehe. Mwishowe akapelekwa Lutindi, Korogwe, ile hospitali ya akili juu ya mlima iliyoanza tangu wakati wa Wajerumani. Ndiyo, Usambara. Na kule wagonjwa wanaopata nafuu hufanya kazi za mikono, shamba likiwemo.

"Kwa hiyo hatukukudanganya," mama mdogo akasema, na sauti yake ikavunjika. "Alilima chai kweli."

Nilimrudia daktari nikabadilisha jibu langu. Akaandika. Hakusema uyoga ndio ulionitia wazimu, na sijawahi kumpata daktari anayekubali kusema hivyo kwa mkato. Alisema usiku mbili bila usingizi, msiba usioliliwa, na damu ya familia ni nyasi zilizokauka. Uyoga ulikuwa kiberiti. Vidonge nilivitumia miezi minane, nikapunguza taratibu chini ya uangalizi. Sijaugua tena. Na sijala tena, wala sitakula, hata nikialikwa kwenye kliniki ya dhahabu.

Maana kliniki zenyewe zisingenipokea. Hili ndilo ambalo video hazikunieleza. Kwenye tafiti zile mtu huchujwa kwanza, na mwenye ndugu wa karibu mgonjwa wa skizofrenia au baipola kwa kawaida hurudishwa mlangoni. Anayepita hukutana na wataalamu kabla ya siku yenyewe, hulazwa kwenye chumba kilichoandaliwa na watu wawe naye saa zote, na baadaye huzungumzwa naye tena. Hata hivyo si miujiza. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2022, wenye wagonjwa 233 ambao sonona yao ilikuwa imekataa dawa, ulionyesha kuwa kati ya waliopewa miligramu 25, 37% walipata nafuu ya kuonekana baada ya wiki 3. Wiki ya 12 walioibakisha nafuu hiyo walikuwa kama 20%. Kwa ugonjwa ule hizo ni habari njema. Lakini si kile nilichokuwa nakinunua kwenye mfuko wa plastiki.

Mwaka 2022, mikusanyiko iliporudi baada ya korona, nilijiunga na kikundi cha kujitolea kinachoweka hema pembeni ya matamasha ya muziki. Mtu akizidiwa na alichokula, analetwa kwetu. Kuna mikeka, maji, blanketi, taa hafifu, na sisi. Mahema ya namna hii yapo nchi nyingi. Lile la tamasha la Boom kule Ureno lilianza 2002. Kazi yetu inaitwa kupunguza madhara, na najua kwetu maneno hayo yanawasha watu. Unapunguza madhara ya nini, si uwaambie waache? Nilifikiri hivyohivyo. Nimekua nikiwaona mateja wa maskani Tanga wakipigwa mawe na watoto, na mimi nikiwemo kati ya watoto. Mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa shule ya msingi. Yeye alihamia Dar, na kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa badala ya heroini, ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, akawa anakwenda kila asubuhi kunywa kikombe chake mbele ya muuguzi. Ana kibanda cha chipsi sasa. Mawe yetu hayakumfanyia hilo.

Hapa Uholanzi fikra hii ni ya zamani. Amsterdam ilianza kubadilishana sindano chafu kwa safi mwaka 1984, na waliosukuma jambo hilo walikuwa watumiaji wenyewe, kwa hofu ya homa ya ini. Tangu 1992 mtu anaweza kupeleka kidonge chake cha kulevya kupimwa akaambiwa kuna nini ndani. Mwishoni mwa 2014 vipimo hivyo vilikamata vidonge vya rangi ya waridi vyenye alama ya Superman, vilivyojaa sumu iitwayo PMMA badala ya kile walichodhani wanunuzi. Tangazo likatoka nchi nzima. Vidonge vyenye alama ileile viliingia Uingereza, ambako mfumo wa aina hiyo ulikuwa haujaenea, na wanaume wanne walikufa siku za Krismasi na mwaka mpya. Sijui hoja gani nyingine mtu anaihitaji.

Hemani mengi ni ya kukaa tu. Kijana anakwambia yeye ni mti. Unamuuliza kama anahitaji maji. Unakaa chini, usimsimamie kichwani. Humwongozi kokote. Ila siku nyingine kukaa hakutoshi, na kulijua hilo ni nusu ya kazi. Kiangazi kile cha kwanza aliletwa msichana aliyekula LSD, dawa nyingine ya njozi, ametulia kabisa, anatabasamu. Nilimuuliza maswali yangu, yaleyale matatu ya mama wa Bukavu. Umekula nini? Saa ngapi? Na dawa gani nyingine? "Lithiamu tu," alisema, "ya kila siku." Nikamwita daktari wa tamasha hapohapo, na mwenzangu alishangaa kwa sababu binti alikuwa sawa. Lithiamu, dawa ya wagonjwa wa baipola, ikichanganywa na LSD au uyoga imewahi kuwatia watu degedege. Kabla machela haijafika, akaanza kutetemeka mkono. Akapona. Mimi nilitoka nje nikatapika.

Degedege, joto la mwili linalopanda, maumivu ya kifua, mtu asiyeamka: hapo si mahali pa mikeka wala busara, ni gari la wagonjwa. Na umwambie daktari ukweli wa kilicholiwa. Najua nyumbani watu wanaogopa, mtu akichanganyikiwa wa kwanza kufika ni mgambo, na wa pili ni umati. Hata hivyo niliwahi kuona mtu amekaa nusu saa akibuni uongo wa kumwambia daktari huku rafiki yake anabadilika rangi.

Siku hizi vijana wa nyumbani wananiandikia. Wameona video zilezile. Mmoja aliuliza kama uyoga unaoota kwenye mavi ya ng'ombe kule Lushoto ndio wenyewe. Nilimpigia, sikuandika. Nilimwambia kuna uyoga wa porini unaoua ini, na unaanza kukuumiza saa nyingi baada ya kuula, ukiwa umeshajisifu kwamba umepona. Mwingine alisema wao wanatumia mbegu za mranaha, ni kitu kilekile. Si kilekile hata kidogo. Mranaha hauleti njozi unazojua ni njozi. Ni sumu, unakausha mdomo, unapandisha joto, unaenda mbio na moyo, na mtu anapiga soga na marehemu akidhani yuko barazani. Huyo alicheka. Nikamuuliza lile swali langu la kudumu, kwenu kuna mtu aliyeugua akili? Akasema hakuna. Haraka. Nikamwambia aende kwanza akamuulize bibi yake, tena amuulize vizuri, wakiwa wawili.

Mwaka jana nilirudi Tanga kwa mara ya kwanza. Nilienda makaburini kwanza, kisha kwa mama mdogo, Muheza, ambako mjomba anaishi tangu Lutindi waliporidhika naye. Ana miaka sabini na kitu. Anameza dawa zake asubuhi na uji, kama mtu anavyomeza tende. Alikuwa uwani amekaa kwenye kigoda, na bado anaweka mkono mmoja kiunoni.

Nikamwamkia. Akaniuliza habari za maua, nikamweleza matoroli, mnada, waridi za Naivasha. Akanionyesha kwa vidole namna chai inavyochumwa, majani mawili na kile kichomozo cha katikati, usibane kwa kucha, vunja. Akanifanyisha kwenye mchicha wa mama mdogo mpaka nikapatia.

Kisha akanisogelea.

"Nasikia na wewe uliugua."

"Niliugua, mjomba."

"Enhe," akasema. "Na wewe walisema unalima nini?"

"Maua, mjomba."

Alicheka mpaka akashika ubavu, akamwita mama mdogo aje asikie.